Mwaka Gari la Rajabu Liliposimama

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeona gunia la pesa likigeuka karatasi ya kuwashia moto kwa tangazo moja la redio. Nimevuka mpaka wa Zaire kwa miguu na sufuria moja kichwani, nikarudi kwa lori langu mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, lakini leo wenye digrii wanapanga vyumba vyangu pale Awindiri, mjini Arua, na mwisho wa mwezi ukikaribia wananisalimia kwa mikono miwili. Lori nne, nyumba mbili Koboko, kisima chenye pampu. Vyote kwa mkono huu. Sikuachiwa hata jembe. Kwa hiyo mtu akija mbio kwangu na habari, huwa namwambia akae kwanza, anywe maji, kwa sababu hilo lake mimi nimeshaliona. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka mwezi uliopita, tulipokwenda arubaini ya Rajabu.

Tulikaa chini ya turubai uani kwake, Koboko. Dua ilikwisha, sinia za wali na nyama zikaja zimefunikwa kwa kawa za rangi, zile wanawake wa Kinubi wanaziita tabaga, ambazo mjane wake Kaltuma anazisuka tangu ujana. Kulia kwangu alikaa Mwalimu Candia, siku hizi anatembea kwa fimbo. Kushoto Onzima, fundi wa jeshi la zamani, sikio moja halisikii kabisa. Nilidhani tutazungumza juu ya marehemu. Tulizungumza dakika tano. Halafu Onzima akainua mfupa aliokuwa anaung'ata, akauelekeza kwenye kibanda cha nyasi kule mwisho wa ua, lilikolala gari la marehemu, na akasema, "Ile taa ya ndani ndiyo ilikuwa nageuka. Ya nje hapana."

"Nani amekataa?" Mwalimu akajibu. "Taa sita, mbili ndizo zinazogeuka. Nimesema hivyo miaka thelathini."

"Wewe ulisema nne."

"Sikusema nne, Onzima. Nne ulisema wewe, Rajabu akakuonyesha kwa njiti ya kiberiti."

Wakacheka, wazee wawili wenye meno sita kati yao. Mimi nikatafuna nyama yangu. Miaka thelathini, na bado kifua changu kilibana pale pale kilipobana mwaka ule. Naandika ili kibane kwa mara ya mwisho.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi kutoka uhamishoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa tayari na lori, Bedford kuukuu, nimelinunua kwa chumvi na sabuni nilizobeba kwa baiskeli kati ya Ariwara na Koboko mpaka magoti yakalia. Hakuna kijana mwingine Koboko aliyekuwa na lori. Nikipita, nilitaka watu watazame, na walitazama kwa muda, mpaka Rajabu alipokuja kunikodi nimsaidie kubeba mzigo kutoka Lurujo. Rajabu alikuwa rika langu, mtu mpole, hana hata baiskeli. Mjomba wake alikuwa afisa katika jeshi la zamani. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi lilipovunjika na kila mtu akikimbilia kaskazini, mjomba yule aliendesha gari lake kutoka Kampala mpaka shambani kwake Lurujo, akaliingiza katika banda la kukaushia tumbaku, akaziba mlango kwa matofali ya udongo na kuupaka samadi, ukutani akatundika fito za tumbaku kuukuu. Kisha akaenda Sudan, na huko ndiko alikofia. Askari waliokuja baadaye walichukua mabati, walichukua milango, walichukua hata mawe ya kusagia. Ukuta ule walikuwa wanauegemezea baiskeli zao.

Tulibomoa ukuta kwa sururu. Vumbi lilipotulia, kilionekana kioo. Siyo kioo cha dereva. Kioo kirefu kilichoziba uso wote wa gari kutoka upande huu mpaka ule, na nyuma yake taa sita zimekaa kimya zikitutazama. Rangi yake ilikuwa ya asali mbichi. Lilikuwa limelala chini kabisa, tumbo kwenye udongo, na nyuma limefunika magurudumu nusu kama mwanamke aliyeketi na kushusha gauni juu ya miguu. Mimi nilijua magari. Nilijua springi, nilijua ekseli. Gari lile sikulijua, na kutolijua kuliniuma kama kutukanwa mbele za watu. Nikasema kwa sauti, "Springi zake zimekatika. Hili ni chuma chakavu."  Rajabu alikuwa amepiga magoti, anapangusa kile kioo kwa kanzu yake.

Wanaume kumi na sita tuliliinua kwa magogo tukalipandisha kwenye lori langu. Kutoka Lurujo mpaka Koboko, watoto walikimbia nyuma, wanawake waliacha majembe, wazee walivua kofia. Mara ya kwanza nilidhani wanasalimia lori. Nikapiga honi. Mzee mmoja wa Lobule akanipungia mkono nisogee pembeni, ili aone kilichopakiwa.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya sala, watu walikuja uani kwa Rajabu kulizungumza lile gari. Sikosei kusema kulizungumza. Wengine wanazungumza mpira, wengine siasa. Kwetu kulikuwa ndiyo kwanza kunaanza kupambazuka tena, watu hawana milango ya nyumba zao, lakini Ijumaa wanaume wazima walikaa kwenye mikeka kuizunguka ile asali ya chuma na kubishana juu ya mkia wake. Kaltuma, wakati huo bibi arusi wa mwaka mmoja, alikaa barazani na masufuria yake ya rangi, nyekundu, zambarau, kijani, anachovya ukindu na kusuka. Chakula kilikuwa angara, wale samaki wakavu wa Nile, katika mchuzi wa simsim, na gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, za moto za kuchovya. Mimi Mkristo wa Krismasi na Pasaka, lakini Ijumaa hizo sikukosa hata moja. Nilikwenda kama mtu anavyorudisha ulimi kwenye jino bovu.

Mwalimu Candia alikuwa na gazeti la Kifaransa aliloliokota uhamishoni, lenye picha ya gari la aina ile ile. Alilifungua kwenye mkeka kama msahafu. "Tazameni. Mbele ni pana, nyuma ni jembamba. Magurudumu ya mbele yamekaa mbali, ya nyuma yamekaribiana. Aliyelichora alikuwa anafuata upepo."

"Upepo gani, mwalimu," Onzima akasema. "Hii imefanywa kama samaki. Mutu akishika samaki, anashika kichwa, mkia natoroka."

"Na hilo ndilo ninalosema. Samaki na upepo ni jambo moja."

"Samaki iko kwa maji."

Kulikuwa pia na mwenye gari mwingine, Papa Lemba, mfanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Yeye alikuwa na dada wa lile gari, kubwa la familia, la milango minne, kutoka kiwanda kile kile, na alivuka nalo taratibu kila mwezi kuja kulinganisha. Huyo ndiye aliyetufumbua macho. Alisema gari hili halina springi na halikuwahi kuwa nazo. Linakaa juu ya mafuta. Ukiliwasha, pampu inasukuma mafuta kwenye matufe manne ya chuma, gari linasimama lenyewe. Ukilizima siku nyingi, linalala. "Ni kama ngamia," alisema. "Inapiga magoti, inangoja bwana yake." Akatuonyesha usukani wenye mkono mmoja tu badala ya mitatu. Akasema ukikata kona na kuuachia, unarudi katikati wenyewe. Breki haikuwa pedali, ilikuwa kitufe cha mpira mfano wa uyoga, unakigusa kwa kidole gumba cha mguu. Injini ilikuwa ya Waitaliano, mwili wa Wafaransa. Onzima aliposikia hilo alifumba macho kwa raha. "Sasa hao walipatana vipi," akasema, "na hawa kwetu wa jirani tu hawapatani?"

Halafu Papa Lemba akanyoosha kidole. "Lakini sikieni vizuri. Miye nawaambia mara moja. Mafuta yake ni ya kijani. Ile ya breki ya kila siku, hapana. Ile inakula mipira yake ya ndani. Mutu akiweka ile, amechinja gari." Wote walisikia. Mimi nilisikia kuliko wote.

Niliomba kulinunua mara ya kwanza mwezi wa nne. Niliweka bei ambayo ingemjengea Rajabu nyumba ya bati. Akacheka kwa upole, akasema, "Kenyi ndugu yangu, hii gari hapana ya kuuza. Hii ni kama kaburi ya mjomba."  Ijumaa iliyofuata nilikuwa sebuleni, Kaltuma ameniita ndani nile kwa sababu mkeka wa nje ulijaa. Chumba kile nakikumbuka mpaka leo: kiti kimoja, kitanda cha kamba, kawa saba zimetundikwa ukutani zinang'aa kama jua saba, na dirisha lisilo na kioo. Kupitia dirisha nilimsikia Mwalimu akiuliza, "Kwa nini usimpe Kenyi? Ana pesa, atalitengeneza haraka." Rajabu akajibu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma: "Kenyi ni mutu mzuri. Lakini nikimpa hii gari, atabeba nayo chumvi."

Uani kote walicheka. Onzima alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa na kipande cha gurusa mkononi. Nilikimaliza. Nilitoka nje, nikakaa nao, nikacheka pia nilipoelezwa kichekesho. Nimejaribu miaka yote kuonyesha kwamba nisingebeba chumvi. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu katika gari, nafikiri: labda magunia mawili tu, kwenye kiti cha nyuma.

Onzima aliifufua injini kwa miezi mitano. Ikabaki mafuta, kwa sababu yale ya zamani yalikwisha kuvuja yote bandani. Rajabu aliuza mbuzi wa mama yake na kawa kumi na tisa za Kaltuma, wakapata shilingi elfu kumi na mbili na mia tano. Papa Lemba wakati huo alikuwa mgonjwa huko kwake. Nani anakwenda Ariwara kila wiki? Mimi. Rajabu alinipa pesa zile zimefungwa katika leso, akanishika mkono. "Lita tano, ndugu. Kijani. Wewe ndiye unajua mambo ya soko."

Nilifika Ariwara na nikayapata. Hilo sitalificha. Duka la nyuma ya soko, makopo matano, kijani kibichi kama majani ya mvua ya kwanza, na mwenye duka alikuwa tayari kupunguza bei. Nilishika kopo moja. Nikaona akilini sikukuu ya Idi imefika, Rajabu amevaa kanzu nyeupe, anaingia Arua katika ile asali, Arua nzima imesimama barabarani, na mimi nyuma nakula vumbi. Nikarudisha kopo. Nilirudi Arua nikanunua lita tano za mafuta ya kawaida ya breki, yale meupe yanayoelekea njano, kwa theluthi ya pesa. Sokoni kwa akina mama wanaouza ukindu nikanunua kifuko cha rangi ya kijani ya kutia kawa. Nilichanganya kwenye dumu nyuma ya lori, nikatikisa. Ilikubali vizuri sana. Pesa iliyobaki ilininunulia tairi la akiba. Mpango wangu ulikuwa mfupi: gari litalala, Rajabu atachoka, ataniuzia. Chuma kilicholala bei yake huwa ndogo.

Siku walipoyamimina, Onzima aliwasha. Tulisikia tiki, tiki, tiki ya pampu. Kisha nyuma ikainuka, polepole, kama mama mtu mzima anayenyanyuka kwenye mkeka kwa mikono. Halafu mbele. Lilisimama.  Hajati, mama yake Rajabu, alisema tu, "Subhanallah," na akafunika mdomo kwa mtandio. Rajabu alizungusha usukani, na zile taa mbili za ndani zikageuka nyuma ya kioo, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta jamaa yake katika umati. Zikanipitia mimi. Zikaendelea.

Kwa hiyo Idi ile nililila vumbi langu kamili. Nililifuata kwa lori kutoka Koboko mpaka Arua, maili thelathini na kitu za barabara ya murami, udongo mwekundu wa changarawe, mashimo matupu, na lile gari lilipita juu yake kama kitambaa juu ya meza. Pale Awindiri watu walilizuia kwa miili yao. Mtu mmoja mwenye miwani, sijui alitoka wapi, alilizunguka mara tatu akamwambia Rajabu kwamba kama angekuwa na gari hili angelilaza ndani ya nyumba na yeye angelala nje. Mwingine akaniuliza mimi, "Na wewe, dereva wa lori, uko pamoja na hawa?" Dereva wa lori. Lori langu mwenyewe.

Baada ya wiki tatu lilianza kuvuja. Baada ya nne, asubuhi moja, lilikuwa limelala, na halikuamka tena. Onzima alifungua bomba moja, akatoa mpira wa ndani, mdogo kama pete, umevimba na kulainika kama harage lililolowekwa. Akaugeuza kidoleni, akashangaa. "Imekuwa mzee sana, miaka mingi ndani ya banda," akasema, na mimi nikasema haraka kwamba ndiyo, miaka mingi. Wote watatu mikono yetu ilikuwa kijani mpaka kwenye viwiko, maana mimi pia nilikuwa nasaidia, sikutaka kuonekana nimekaa mbali. Kaltuma alileta beseni la maji na sabuni. Tulinawa. Maji yakageuka kijani kizuri, safi, bila utando wa mafuta juu. Aliliinua beseni lile, akalitazama kwa muda, akanitazama mimi, kisha akaenda kulimwaga kwenye ua wa matete. Nilisema moyoni, mwanamke huyu anahesabu sabuni yake.

Nilitoa bei tena, nusu ya ile ya kwanza. Rajabu akasema atangoja mipira mipya. Alingoja. Mimi niliongeza lori la pili, la tatu, nikajenga, nikarudi na bei mwaka hadi mwaka, mara sita kwa hesabu yangu, na kila mara alinipa chai ya tangawizi na jibu lile lile. Watu waliendelea kuja Ijumaa kuzungumza lile gari lililolala, mkia wake, macho yake, kitufe chake cha uyoga, kama kwamba kulala ni sehemu ya uchoraji. Urafiki wetu haukuvunjika. Ila sasa, nikitazama nyuma, naona jambo ambalo sikuliona. Tangu asubuhi ile ya beseni, Rajabu hakunituma tena kununua kitu. Hata chumvi. Hata kiberiti.

Siku ya arubaini, watu walipotawanyika, Kaltuma aliniita kwenye kibanda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na gari, nywele nyeupe chini ya mtandio, vidole bado vina rangi za ukindu kwenye kucha.

"Shemeji," akasema, "marehemu alisema hii gari wewe upewe kwanza. Ukikataa ndiyo watu wengine."

Niliuliza haraka, "Bei gani, shemeji?"

"Milioni nane. Ya gari." Akatengeneza mtandio. "Halafu iko elfu kumi na mbili na mia tano."

"Ya nini hiyo?"

"Ya mafuta ya kijani."

 Mimi ambaye nimebishana na maafisa wa forodha wa nchi tatu, nilitazama zile kucha zake za rangi.

"Mafuta ya gari hapana tia maji rangi," akasema, bila kupandisha sauti. "Ile ya gari ya Papa Lemba, yeye alipokuwa nanawa hapa, ilikuwa naelea juu. Ile yako ilienda ndani ya maji yote, kama sufuria yangu. Mimi nasuka tabaga tangu Zaire, shemeji. Kijani yangu mimi najua."

"Na yeye alijua?"

"Nilimwambia siku ile ile."

"Akasema nini?"

Alifikiri, kama anayetaka kukumbuka sawasawa. "Wewe ulikuja saa kumi na bei yako, mimi nilitaka kukufukuza. Yeye akasema, mwache, mpe chai."

Sikupunguza bei. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara. Nililivuta gari kwa lori langu kubwa mpaka kwangu, nikalijengea chumba cha matofali ya kuchoma na sakafu ya vigae. Ijumaa ya kwanza Mwalimu na Onzima walikuja, wakakaa, wakanywa chai yangu, wakabishana juu ya mkia mpaka jua likapinduka. Kila sentensi walisema gari la Rajabu. Gari la Rajabu hivi, gari la Rajabu vile. Mlinzi wangu mwenyewe, akikifagia chumba kile, anasema amefagia kwa Rajabu. Watu wakiniuliza lilinigharimu ngapi, huwa najibu milioni nane. Hapa nimeandika kwa mkono wangu, kwa hiyo naandika yote: shilingi milioni nane, elfu kumi na mbili na mia tano.